Kibali cha Ujenzi: Haki Kabla ya Msingi
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei



Huenda mtu akauliza: kibali cha ujenzi kinaihusu nini Tume ya Haki na Amani? Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika barua yake Pacem in Terris ya mwaka 1963, aliitaja nyumba miongoni mwa mambo ambayo kila mwanadamu ana haki ya kuyapata. Basi, njia inayomfikisha mtu kwenye nyumba yake nayo haina budi kuwa njia ya haki.

Tuanze pale ambapo wengi hujikwaa. Mtu huweka akiba miaka mingi, huonyeshwa kiwanja na dalali, hulipa mbele ya mashahidi, na karatasi ya mauziano hugongwa muhuri wa Serikali ya Mtaa. Hudhani kwamba mambo yamekamilika. Kumbe karatasi ile yashuhudia mauziano tu. Huenda katika ramani ya mipango miji pale ni mahali pa shule au hifadhi ya barabara. Hata mwenye hati ya kumiliki ardhi hajapata bado ruhusa ya kujenga. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yamtaka anayeendeleza ardhi katika eneo la mipango apate kwanza idhini ya mamlaka husika. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Makatazo hayo yana sababu. Mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam yaliua watu wapatao 40, na waliokaa mabondeni ndio walioumia zaidi. Desemba 2015, nyumba nyingi katika bonde la Mto Msimbazi zilibomolewa. Pale ambapo maji hayakumaliza kazi, tingatinga liliimaliza.

Tangu kale Mungu alimfundisha mjenzi kumfikiria mwenzake. Sheria ya Musa ilimwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, mtu asije akaanguka na kufa (Kumb 22:8). Kibali kina maana hiyohiyo: njia ya jirani isizibwe, choo kisichafue kisima chake, ukuta usimwangukie mtoto wake.

Lakini sheria haimfungi mwananchi peke yake. Ofisi inayomzungusha mwombaji kwa "njoo kesho", au inayongoja "chai" ndipo faili lisogee, humsukuma maskini ajenge bila kibali. Na kiongozi anayeona msingi ukichimbwa, kuta zikipanda na bati likiezekwa, akanyamaza, kisha baada ya miaka akachora alama ya X nyekundu ukutani, ameshiriki katika kosa analoliadhibu. Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba inapolazimu kuwahamisha watu, wapewe taarifa mapema, waonyeshwe makazi yenye heshima, na washirikishwe wenyewe.

Yatupasa basi tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kulipa, tumwombe muuzaji twende naye idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri. Tuulize: kiwanja kimepimwa? Kimepangiwa matumizi gani? Kina jina la nani? Muuzaji anayekataa safari hiyo amekwisha kutujibu.

Pili, tupeleke maombi pamoja na michoro ya nyumba na uthibitisho wa umiliki, tubaki na nakala, wala tusichimbe msingi kabla ya kibali. Tusilipe fedha isiyo na stakabadhi. Anayedai rushwa ataarifiwe TAKUKURU.

Tatu, walio katika makazi yasiyopangwa wasikate tamaa. Upo utaratibu wa urasimishaji, na mtaa ukienda kwa umoja husikilizwa kuliko mtu mmoja mmoja.

Nne, kigango kinachojenga kanisa kifuate utaratibu huohuo. Hatuwezi kuhubiri haki ndani ya kuta tulizozijenga kwa kuikwepa.

Mwisho, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iteue mtu mmoja anayejua kusoma ramani na kuandika barua, ili mjane au mzee asiende ofisini peke yake. Tukimsindikiza mapema, hatutakuja kumfariji juu ya kifusi.