Tumuulize mutoto: ni masomo unaogopa, ao ni njia?



Mliniomba niseme kidogo juu ya vijana wetu wenye hawataki tena kwenda ku masomo. Tangu kambi za pembeni ya Goma zibomolewe mwezi wa pili 2025 na sisi kurudi huku, jambo hili liko katika nyumba nyingi. Hata kwangu.

Kijana wangu iko na miaka 15. Kila asubuhi tumbo inamuuma. Siku ya mungu, haimuumi. Watu walisema: ni uvivu, umupige. Sikumupiga. Tulienda kulima, nikamuuliza: "Ni masomo unaogopa, ao ni njia?" Alinyamaza mpaka tukafika mwisho wa mstari. Akasema: "Baba, ni njia. Nikipita peke yangu wanaweza kunikamata, wanibebeshe mizigo, kisha bunduki."

Ile si uongo wa mutoto. Sheria ya tarehe 10/01/2009 inakataza kumuingiza mwenye hajafikisha miaka 18 katika jeshi ao kundi lolote la silaha. Lakini sheria haitembei naye njiani. Sisi ndio wa kutembea naye. Na kumuacha nyumbani si kumulinda: mwenye hana daftari, mashimo ya Rubaya yanamuita.

Kwetu tulifanya hivi. Watoto saba wanatoka pamoja saa moja, mzazi mmoja anatangulia, kila siku zamu ya mwengine. Tukisikia njia ni mbaya, wote wanabaki, hakuna wa kuitwa mvivu. Kesho yake wananakili masomo. Mwalimu tulimuelezea, alikubali. Wiki iliyopita wangu alienda siku nne juu ya sita. Bado haijaisha, lakini tumbo imepunguka.

Ninaomba chama mambo mawili. La kwanza, zamu za njia tuziandike kama vile tunaandika zamu za kulima. La pili, sanduku letu. Masomo ya msingi ni bure tangu 2019, lakini sekondari tunalipa. Mutoto akifukuzwa juu ya minervali, anarudi saa nne peke yake, wakati kundi haliko. Ndiyo ile njia anaogopa. Basi sanduku litangulize malipo, mzazi arudishe kisha mavuno.

Na leo jioni, kila mmoja amuulize wake lile swali. Kisha anyamaze, asikilize.