Moyo Haungoji Kuche

Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Uru

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Shangazi yangu alibanwa kifua usiku, jasho likamtoka. Tukasema ni vidonda vya tumbo. Tukampa maziwa, tukangoja kuche. Kulipokucha alikuwa ameshafariki.

Huku mlimani sote tunaujua mfereji. Takataka zikiuziba, migomba ya chini inanyauka. Mshtuko wa moyo ni hivyo hivyo. Damu inaganda ndani ya mshipa unaolisha moyo, na sehemu ya moyo iliyokosa damu inaanza kufa.

Je, donge hilo linaweza kuyeyushwa? Ndiyo, dawa zipo. Ya zamani na ya bei nafuu ni streptokinesi, inayotokana na bakteria. Huingizwa kwa dripu kwa muda wa saa moja hivi. Alteplesi nayo ni ya dripu, ila ni ghali zaidi. Tenekteplesi ni sindano moja tu, sekunde chache imekwisha. Zote zinaweza kusababisha damu kuvuja kwenye ubongo. Kwa hiyo ni dawa za hospitali, baada ya kipimo cha umeme wa moyo.

Mtaniuliza, basi ipi ni bora? Utafiti wa mwaka 1993 wenye wagonjwa zaidi ya 41,000 ulilinganisha mbili za kwanza. Katika kila wagonjwa 1,000, alteplesi iliokoa watu 10 hivi zaidi ya streptokinesi. Lakini sikilizeni hili! Uchambuzi wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa dawa hizi zikitolewa ndani ya saa ya kwanza huokoa watu 65 katika kila 1,000. Zikitolewa saa ya pili, 37. Saa moja tu, watu 28! Kumbe kuwahi kunaishinda dawa ya ghali.

Na hapa kwetu? Utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2019 uligundua kwamba wengi waliofika hospitali wakiwa na mshtuko wa moyo hawakutambuliwa. Kwa hiyo mkifika, semeni wazi: "Kifua kinambana, tunaomba apimwe moyo."

KCMC iko hapo chini tu. Mzee akibanwa kifua, maumivu yakaenda mkononi au kwenye taya, akatoka jasho au akakosa pumzi, msingoje. Mwamsheni jirani mwenye gari. Maziwa mtampa akirudi.