Nani Kasema Msomaji Halipi?



Jinsi magazeti yalivyoingia kwenye intaneti mnajua, sitairudia hadithi hiyo. Kilichonisimamisha hapa ni kauli niliyoisikia kwenye kongamano moja, tena ikapigiwa makofi: msomaji wa mtandaoni kazoea bure, hatalipa kamwe, na ushahidi ni TimesSelect.

Haya, tuufungue huo ushahidi. Septemba 2005 gazeti la New York Times lilifungia makala za waandishi wake wa safu, akina Thomas Friedman na Maureen Dowd, kwa kufuli la malipo lililoitwa TimesSelect. Kuwasoma kuligharimu dola 49.95 kwa mwaka. Septemba 2007 likaondoa kufuli. Wenzetu husimulia hadi hapo, kisha huketi. Hawasemi kwamba siku kufuli linaondolewa, watu wapatao 227,000 walikuwa wakilipa. Wateja walikuwapo. Ila wasomaji walioletwa na Google walikuwa wakikuta mlango umefungwa na kwenda zao, na wenye gazeti wakapiga hesabu kwamba wapita njia hao, wakionyeshwa matangazo, wangeingiza fedha nyingi zaidi. Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ukaporomoka, matangazo yakaporomoka nao. Machi 2011 gazeti lilelile likaanza kutoza upya: makala 20 za bure kwa mwezi, ukizimaliza ulipe. Leo wanaolilipia ni mamilioni.

Tena angalieni kilichofungiwa mara ya kwanza: maoni! Bidhaa isiyoadimika popote, hata barazani. Gazeti la Wall Street Journal, lenye habari ambazo mfanyabiashara huzitumia kuamua auze au anunue, limekuwa likitoza wasomaji wa mtandaoni tangu miaka ya 1990.

Na hiyo bure waliyoizoea wasomaji wetu ni ipi? Jirani yangu fundi cherehani hununua bando la siku kabla hajanunua chai. Analipa kila uchao. Tatizo ni kwamba anayelipwa ni kampuni ya simu, na mwandishi hapati kitu.

Marehemu baba hakuwahi kulipia gazeti la mwezi mzima. Kichwa cha habari kikimgusa alinunua nakala. Kisipomgusa, alisoma vichwa vyote palepale mezani kwa muuzaji, akashukuru, akapita. Hakuna aliyemwita mtu asiyelipa. Leo mtu wa namna hiyo tunamtaka ajisajili, aweke nywila, ajifunge kwa mwezi, halafu tunashangaa akigeuka.

Najua kuna hoja dhidi ya kumuuzia mtu huyo kidogokidogo, na ni nzito. Mwaka 2000 Clay Shirky, mwandishi wa masuala ya intaneti, aliandika kwamba malipo madogomadogo hayatafaulu, kwa kuwa kinachomchosha msomaji ni kule kuamua kila mara kama kitu kinastahili bei yake. Kampuni ya Blendle ya Uholanzi, iliyoanza mwaka 2014 kwa kuuza makala moja moja, iliachana na njia hiyo mwaka 2019. Shirky alikuwa sahihi kuhusu makala. Mimi nasema tuuze siku: uamuzi mmoja asubuhi, kwa M-Pesa, na gazeti zima liko wazi hadi usiku wa manane.

Wachumi mlioketi kule nyuma mtasema nakala ya PDF itakuwa kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya saa mbili asubuhi. Itakuwapo. Nakala ya baba nayo ilizungushwa baraza zima, na mwenye gazeti alilipwa moja tu. Kesho yake alichapa tena.