Sanamu ya Bibi: Ni ya Kauri au ya Jasi?

Katika nyumba moja ya Iringa tulimkuta bibi mwenye majonzi. Mjukuu wake alikuwa ameiosha sanamu yake ya Bikira Maria kwa maji na sabuni, ili ipendeze siku ya Noeli. Ilipokauka, uso ulikuwa umefutika. Mtoto hakukosa kwa ubaya, bali kwa kutojua. Ndiyo sababu twazungumza nanyi leo.

Wabenediktini walifika Tosamaganga mwishoni mwa karne ya 19. Baada yao walikuja Wakonsolata, na mwaka 1922 Iringa ikafanywa prefektura. Upande wa Mbeya walifanya kazi Mapadre Weupe. Hivyo sanamu za watakatifu si ngeni katika nyumba za huku. Lakini si zote zilizo za kauri.

Kauri ni udongo mweupe uliochomwa kwa moto mkali, kupita nyuzi 1,200. Wachina waliivumbua zamani sana. Huko Ulaya kiwanda cha Meissen kilianzishwa mwaka 1710. Jasi haichomwi hivyo: ni unga uliokorogwa na maji, ukamiminwa katika kalibu na kupakwa rangi.

Basi, utazitambuaje? Ipindue sanamu polepole, utazame kitako chake. Kauri ni baridi mkononi, na ukiigonga kidogo kwa ukucha hulia kama kikombe. Palipovunjika ni pagumu na laini kama kioo. Jasi haina mlio, na palipomeguka huacha unga mweupe kidoleni. Kauri yaweza kufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Jasi isiguswe na maji asilani, ipanguswe vumbi kwa brashi laini tu.

Tena tazama ni nani aliyechongwa. Bikira mwenye mshipi wa buluu na mawaridi miguuni ni wa Lourdes, alikosimuliwa kuonekana mwaka 1858. Kwa hiyo sanamu hiyo haiwezi kuwa ya kale kuliko mwaka huo. Mtawa akumbatiaye msalaba na mawaridi ni Teresia wa Mtoto Yesu, aliyefariki mwaka 1897. Na likiandikwa jina la nchi kitakoni, mara nyingi sanamu ni ya baada ya mwaka 1891, Marekani ilipoanza kudai alama hiyo juu ya bidhaa za kigeni.

Lakini kitako hakisemi yote. Nani aliipokea? Kwa ubatizo, au kwa arusi? Hayo ayajuaye ni bibi, wala hayakuandikwa popote. Ninyi wanafunzi, chukueni daftari mkamwulize angali hai. Mchuuzi akija na fedha, asiwaharakishe: sanamu iliyouzwa bila habari zake ni chombo tu, na habari zikipotea hazinunuliki tena.

Kwaherini.