HAKI YA JIRANI JUU YA SAUTI ZETU

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa ulimi wa kusemea na masikio ya kusikilizia, akaufanya mchana uwe wa kutafuta riziki na usiku uwe wa kutulia. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, pamoja na jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema. Ama baada ya hayo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Tunakuusieni, na kabla yenu tunaziusia nafsi zetu, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani mwenye kumcha Mola wake hawadhuru viumbe vyake.

Ndugu zetu Waislamu, leo tumependa tuzungumze juu ya haki moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni haki, nayo ni haki ya jirani juu ya sauti zetu. Mwenyezi Mungu ameyapa macho kope. Asiyependa kutazama hufumba. Masikio hayakupewa kifuniko. Mtu akitupa taka mlangoni kwa jirani yake, jirani ataziona na ataziondoa. Lakini akimtupia kelele usiku wa manane, huyo jirani afanye nini? Ukuta haumkingi, mlango haumfai, na pakukimbilia hana, kwani hapo alipo ndipo kwake.

Katika mji wetu huu wa Mombasa, kama ilivyo katika miji yote ya Kenya, jambo hili limewekewa sheria. Kanuni za mwaka 2009, zilizotolewa chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999, zinakataza kelele kubwa isiyo ya lazima inayowaudhi watu au kuwadhuru katika afya na utulivu wao. Kisha Katiba ya mwaka 2010 ikazikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzuia kelele. Kanuni hizo zimeigawa siku mafungu mawili: mchana, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku, na usiku, kuanzia hapo mpaka alfajiri ipambazuke. Ndani ya nyumba za kukaa watu, kipimo ni desibeli 45 mchana na 35 usiku. Mahali pa ibada kipimo ni desibeli 40 mchana na 35 usiku. Ili mpate kufahamu udogo wa vipimo hivi, mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kiasi cha desibeli 60.

Na inapotakiwa kuamua kama kelele imepita kiasi, kanuni zinataka yaangaliwe mambo kadhaa: ni wakati gani, nyumba za watu ziko karibu kiasi gani, kelele hurudiwa au huendelea bila ya kukatika, imekuzwa kwa mitambo au la, na je, mwenye kuipiga angeweza kuipunguza bila ya taabu wala gharama kubwa? Lizingatieni hilo la mwisho. Kupunguza kipaza sauti ni kazi ya vidole viwili, wala hakuna senti inayotoka mfukoni.

Wako ndugu zetu wanaosema kuwa sheria hizi zimeletwa kuubana Uislamu. Ndugu zetu hao tunawaomba wataamali. Kabla ya kuwako kanuni ya mwaka 2009, kabla ya kuwako hata hicho kipimo cha desibeli, ni nani aliyefundishwa kuteremsha sauti yake? Si Luqman aliyemuusia mwanawe hivyo, na Mwenyezi Mungu akauhifadhi wasia huo katika Kitabu chake, ukatolewa humo mfano wa sauti ya punda? Si sisi tulioamrishwa tusipaze mno sauti katika Sala wala tusiifiche mno, bali tushike njia ya katikati?

Tazameni mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Masahaba walipokuwa safarini wakapaza sauti kwa takbiri, aliwaamrisha wazionee huruma nafsi zao, kwani hawamwiti kiziwi wala asiyekuwapo. Alipokuwa katika itikafu msikitini akawasikia watu wakisoma Qurani kwa sauti kubwa, alifunua pazia akawaambia kuwa kila mmoja wao ananong'ona na Mola wake, basi wasiudhiane kwa kupandishiana sauti katika kisomo. Fahamuni vizuri, ndugu zetu: hiyo ilikuwa Qurani, tena msikitini, nao walikuwa ni masahaba, na juu ya hayo wakakatazwa kuudhiana. Na Sahaba Miqdadi ametusimulia kuwa Mtume alikuwa akija usiku hutoa salamu ambayo aliye macho huisikia na aliyelala haimwamshi. Salamu ni dua, na ni Sunna, lakini hata hiyo ilipimwa kwa ajili ya usingizi wa mtu.

Hapa hatuna budi kuungama lililotupata wenyewe. Mwaka mmoja katika Ramadhani, katika msikiti tuliokuwa tukisomesha, tulikuwa tukiviacha wazi vipaza sauti vya nje kwa darsa iliyofuata tarawehe mpaka saa sita usiku. Saa tisa vijana huvifungua tena, wakasoma kaswida za kuwaamshia watu daku. Usiku mmoja alikuja mtoto mdogo, akatuambia: mama amenituma, baba anaumwa, anaomba mpunguze sauti. Mmoja wetu akamjibu: kamwambie mama yako kuwa dhikri ni dawa ya wagonjwa. Mtoto akaenda zake. Sisi tuliokuwapo tulinyamaza, na wengine tuliona kuwa hilo ni jibu zuri.

Siku chache baadaye tukaenda kumzuru mgonjwa yule. Tulikuta godoro lake limehamishiwa jikoni, karibu na mafiga, kwa kuwa hapo ndipo mahali pekee palipokuwa mbali kidogo na vipaza sauti vyetu. Naye alikuwa ni mtu wa safu ya kwanza, miaka mingi hakukosa jamaa. Alitushika mkono akatuambia kuwa maradhi hayamtishi. Linalomtisha ni kuwa kila usiku anajikuta akiomba ile sauti inyamaze, naye anachelea asije akafa hali ya kuwa ameichukia dhikri ya Mola wake.

Ndugu zetu, tulimfanya Muislamu aiogope imani yake mwenyewe, nasi huku tukidhani tunachuma thawabu. Tulimtaka radhi, naye akatusamehe, Mwenyezi Mungu amlipe. Basi ikiwa hivyo ndivyo alivyokuwa mtu wa safu ya kwanza, je, yule jirani asiyekuwa Muislamu, asiyethubutu hata kumtuma mtoto, ana picha gani ya dini yetu moyoni mwake?

Mtu asituelewe vibaya. Adhana ni alama ya Uislamu, nayo haichukui ila dakika chache. Hatusemi iachwe. Tunachosema ni kuwa adhana ni jambo moja na kipaza sauti ni jambo jingine. Bilali aliadhini Alfajiri juu ya paa la nyumba iliyokuwa jirani na msikiti wa Madina, kwa pumzi zake tu, na watu wakaja. Chombo hiki kimekuja juzi ili kitutumikie, wala si nguzo ya ibada. Huko Saudia, mwezi wa Mei mwaka 2021, wizara inayosimamia misikiti iliamuru vipaza sauti vya nje vitumike kwa adhana na ikama tu, na sauti yake isizidi thuluthi moja ya nguvu za chombo. Ikiwa hayo yamefanywa katika nchi yenye Misikiti Mitukufu miwili, sisi tuna udhuru gani?

Na tukishajirekebisha sisi, ndipo tutakapokuwa na uso wa kuwakataza wengine. Tunalalamikia mabaa na madisko yanayokesha mitaani. Tunalalamikia matatu na bodaboda zilizotobolewa mabomba ya moshi kwa makusudi. Tunawataka maofisa wa kaunti waende wakafunge. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mizani ni moja. Hatuwezi kuishika sheria mkono wa kulia kumpigia mwenye baa, kisha tukaitupa kwa mkono wa kushoto inapotufikia katika arusi zetu, ambamo ngoma na tarabu hukesha barazani huku nyumba ya pili ina mzazi aliyejifungua jana, au mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi.

Kwa hiyo tunakuusieni mambo manne. La kwanza, baada ya adhana na ikama, vipaza sauti vya nje vizimwe; darsa na kisomo vitosheke na vya ndani. La pili, mwenye arusi au shughuli awaendee majirani mapema, awaombe idhini, na saa ikifika avunje. La tatu, fundi mwenye mashine ya kuranda au ya kuchomelea vyuma asiiwashe wakati watu wamelala, kwani riziki haiongezwi kwa usingizi wa wengine. La nne, nalo ndilo kubwa, akija mtu kukuomba upunguze sauti, hata akiwa mtoto, usimjibu kwa hoja. Punguza kwanza, kisha muulize hali ya mgonjwa.

Mtume wetu ameapa kuwa si muumini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Ewe Mola wetu, tujaalie tuwe watu wanaosalimika nao majirani zao. Utusamehe tuliyowaudhi kwayo waja wako kwa kujua na kwa kutojua, uwaponye wagonjwa wetu, uwarehemu waliotutangulia, na uutie mji wetu utulivu na amani. Amin.