Taimingi ya Injini na Moshi wa Malori Makuukuu

Katika malori ya zamani, yakiwemo yanayohudumia Vitengeni, kaunti ya Kilifi, taimingi, yaani wakati ambao dizeli hurushwa ndani ya silinda pistoni ikikaribia kileleni, hubadilishwa na fundi kwa kuzungusha pampu kidogo tu. Ikicheleweshwa mno, mafuta hayaungui yote na moshi mweusi huzidi; ikiwahishwa, joto hupanda na kuzalisha oksaidi za naitrojeni, gesi zinazodhuru mapafu. Kwa kuwa kipimo cha weusi wa moshi hakizitambui gesi hizo, lori laweza kufaulu ukaguzi huku likichafua hewa ambayo kanuni za ubora wa hewa zinakusudia kuilinda. Hivyo basi, taimingi haina budi kurejeshwa kwenye nyuzi zilizowekwa na mtengenezaji, kwani pumzi ya wakazi haina badala.