Ngumi Pekee Haziing'arishi Nyota ya Bondia



Usiku wa tarehe 2 Oktoba, 1980, katika mji wa Las Vegas, Marekani, Larry Holmes alimpiga Muhammad Ali kwa muda wa raundi kumi, hata mkufunzi wa Ali, Angelo Dundee, akakata shauri kwamba mtu wake hatainuka tena kitini. Holmes alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ali alikuwa na umri wa miaka 38, na mikono yake ilikwisha kupungua kasi. Kwa hesabu ya ulingoni, hapakuwa na mtu wa kubisha nani aliyekuwa mbora usiku ule. Hata hivyo, aliyeondoka na mapenzi ya watu ni yule aliyeshindwa.

Holmes aliendelea kushinda kwa miaka mitano zaidi. Kabla ya kupoteza taji lake kwa Michael Spinks mwezi Septemba, 1985, alikuwa amepigana mapambano 48 ya ngumi za kulipwa bila kushindwa hata moja, na ngumi yake ya kushoto ilikuwa miongoni mwa zile zilizo bora kabisa katika historia ya uzito huo. Lakini aulizwe leo mtu asiyefuatilia ndondi, awe karani wa wilaya au mwalimu wa shule ya msingi: jina la Holmes huenda halijui. La Ali analijua, na pengine hakumbuki hata alilisikia wapi kwa mara ya kwanza. Ni kitu gani basi kinachomtoa bondia katika duara dogo la wapenzi wa masumbwi na kumfikisha kwa watu ambao hawajapata kulitazama pambano lolote?

Jawabu la haraka ni ulimi. Ni kweli Ali alikuwa na ulimi. Mwaka 1961, akiwa bado kijana anayeitwa Cassius Clay, alimwona mpiga mieleka mmoja, Gorgeous George, akijigamba mpaka watu wakajaa ukumbini kwa hamu ya kumwona akianguka. Naye akalishika somo hilo. Tangu hapo wamezuka mabondia wengi wenye kujigamba kuliko yeye, na wafanyabiashara wa ngumi hawajaacha kuwahimiza. Majigambo huuza tikiti za usiku mmoja. Wiki ya pili watu wamekwisha sahau.

Tena yuko Joe Louis, ambaye hakuwa msemaji kabisa. Kabla yake Mmarekani mweusi Jack Johnson alikuwa bingwa, kuanzia mwaka 1908 hadi 1915, na ushindi wake wa mwaka 1910 juu ya Jim Jeffries, aliyekuwa mzungu, ulizusha ghasia katika miji mingi ya Marekani. Mameneja wa Louis wakamwekea masharti: asimcheke mpinzani aliyeanguka, asipigwe picha akiwa na wanawake wa kizungu, asijitukuze. Kijana huyo alitakiwa apige watu kwa adabu. Na bado akawa shujaa wa taifa zima, kwa sababu tarehe 22 Juni, 1938, alikutana na Mjerumani Max Schmeling, aliyekuwa amemshinda miaka miwili nyuma. Serikali ya Hitler ilikuwa imelitumia jina la Schmeling kuthibitisha uongo wake juu ya ubora wa rangi. Louis alimmaliza katika raundi ya kwanza, kwa muda wa dakika mbili na sekunde nne. Mamilioni walikuwa wamekaa kando ya redio zao, na wengi wao hawakuwa wakisikiliza ndondi. Walikuwa wakisikiliza jambo lao wenyewe.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Bondia hutoka nje ya duara wakati jambo linalowagusa watu linapopanda ulingoni pamoja naye. Nguvu za mikono ni lazima awe nazo, kwani asiposhinda hakuna atakayemsikiliza. Lakini nguvu hizo humfikisha mlangoni tu. Holmes alipigana na mabondia wenziwe, mmoja baada ya mwingine, akawashinda kwa haki. Hakuna mtu aliyekuwa nje ambaye maisha yake yalibadilika kwa ushindi huo. Hilo si kosa lake, na ni haki kusema kwamba dunia ilimpunja.

Jambo la Ali lilikuja tarehe 28 Aprili, 1967, mjini Houston, alipokataa kuingizwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Walimu watapendezwa na kisa kilichotangulia: mwaka 1964 jeshi lilimkataa kwa sababu alishindwa mtihani wao wa kuandika na hesabu, mwaka 1966 wakubwa wakashusha kiwango, na yule aliyekuwa hafai akawa anafaa. Baada ya kukataa kwake alinyang'anywa taji, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Jela hakwenda, kwa kuwa alikata rufaa, ila kwa zaidi ya miaka mitatu hakupanda ulingoni, naye alikuwa na umri wa miaka 25 tu hukumu ilipotolewa. Wamarekani wengi walimchukia, na magazeti kadhaa yalikataa hata kumwita kwa jina alilojichagulia. Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliifuta hukumu hiyo mwezi Juni, 1971. Mtu huyo aliyekataa kutumwa kuwapiga watu wa mbali wasiomkosea kitu alikuwa sasa amepata wapenzi Asia na Afrika ambao mchezo wenyewe hauwahusu.

Kwa hiyo alipofika Kinshasa mwaka 1974 kupambana na George Foreman, alikuta kazi nusu imekwisha fanyika. Foreman naye alikuwa Mmarekani mweusi, tena bingwa mwenye nguvu za kutisha. Lakini alishuka na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, wa aina ile ile waliyoitumia askari wa Wabelgiji, na watu wa Kinshasa hawakuwa wamesahau. Pambano lilianza karibu saa kumi alfajiri ya tarehe 30 Oktoba, ili watazamaji wa Marekani waone kwa saa zao. Ali aliegemea kamba, akaacha mwenziwe ajichoshe, na katika raundi ya nane akamwangusha. Kila mmoja alilipwa dola milioni tano, na serikali ya Mobutu ndiyo iliyosimamia gharama, jambo ambalo wananchi waliokuwa wakishangilia hawakuulizwa.

Sifa za namna hiyo zina mipaka yake, na mipaka hiyo ilionekana Dar es Salaam. Mwezi Februari, 1980, Rais Carter alimtuma Ali barani Afrika kuzishawishi nchi zisusie Michezo ya Olimpiki ya Moscow. Kituo cha kwanza kilikuwa Tanzania. Rais Julius Nyerere hakukubali kuonana naye. Waandishi wa habari walimwuliza kwa nini Marekani haikuziunga mkono nchi za Afrika zilipoisusia Montreal mwaka 1976, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Ali alikiri kwamba hakuwa na habari ya jambo hilo. Watu waliokuwa wakimwuliza walimpenda. Lakini walimpenda kwa kuikatalia serikali yake, na sasa alikuwa amekuja kama mjumbe wa serikali ile ile.

Kususa kwa mwaka 1976 hakukuwa maneno matupu. Filbert Bayi, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500, alibaki nyumbani, na John Walker wa New Zealand akaondoka Montreal na dhahabu ya mbio hizo. Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda Moscow. Bayi alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui mita 5,000, na kila mmoja akarudi na medali ya fedha.